Ukizidiwa na mawazo, uanzie wapi? Rafiki, kikundi, benchi, ibada au miguu yako

Mtu akikuambia "nina mawazo", humuulizi anawaza nini. Unajua tayari kwamba halali, chakula kinamkaa kooni, na simu ikiita anashtuka kabla hajaona nani anapiga. Wengi wetu tunamjibu kwa maneno yaleyale tuliyojibiwa sisi: piga moyo konde, vumilia, mwachie Mungu.

Niliyasikia maneno hayo mwaka niliopunguzwa kazini, kodi ya miezi sita ikiwa inakaribia na mama yangu akiwa amelazwa. Walioyasema walinipenda kweli. Lakini hakuna aliyenionyesha mahali pa kuanzia, basi nikajaribu kila kitu kwa mkupuo. Nilikwenda kwenye maombi, nikaanza kukimbia alfajiri, nikanunua daftari, nikamsimulia rafiki yangu habari moja mara kumi. Miezi mitatu baadaye ndipo nikang'amua kosa langu. Kila njia ilikuwa nzuri mahali pake, ila mimi nilikuwa nakimbia barabarani kutafuta dawa ya kodi, na nikirudi nyumbani napanga mikakati juu ya jambo lililotaka kuliliwa tu.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa. Nitaziweka njia mbili mbili, ubavu kwa ubavu, niseme ipi inafaa lini, inagharimu nini, na inaishia wapi.

## Upime mzigo kwanza

Kuna mzigo wenye kazi ndani yake. Deni, kodi, ugomvi na shemeji, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Hata ukiwa mzito, una mlango: kuna mtu wa kumpigia, kuna ofisi ya kwenda, kuna hatua ya kesho.

Kuna mzigo wa kupoteza. Aliyekufa harudi kwa mipango. Ndoa ikivunjika imevunjika, na kazi iliyokupa jina kwa miaka kumi na tano ikiondoka huondoka na lile jina. Hapa kinachohitajika ni watu na muda, na mtu yeyote anayekuharakisha anakuumiza.

Na kuna mzigo uliokwisha kuhamia mwilini. Chanzo chake huenda kilipita zamani, lakini moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, unaamka saa tisa za usiku jasho likikutoka, mabega yamekaza kama uliyebeba gunia. Mtu wa namna hii ukimwambia "hebu tuongee" hana la kusema, na hafichi kitu.

Mara nyingi mizigo hii huja imefungwa kwa kamba moja. Jiulize ni upi uliokuamsha usiku wa jana. Huo ndio wa kuanza nao.

## Mtu mmoja wa karibu, au kikundi?

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakaendelea nao hadi utu uzima. Mwanasaikolojia Emmy Werner, aliyeongoza kazi hiyo kwa miongo, aliwatazama hasa waliokulia kwenye umaskini, ugomvi wa nyumbani na maradhi ya wazazi. Takribani mmoja kati ya watatu wa hao alikua akawa mtu mzima anayejiweza na anayejali wengine. Jambo lililojirudia kwenye maisha yao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewakubali jinsi walivyo, na mara nyingine hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, mwalimu, au jirani.

Pwani walilijua hilo zamani. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima wa kumwambia yale ambayo mama haambiwi. Sisi tuliohamia mjini tumewaacha akina somo wetu nyuma, na wengi hatujatafuta wengine.

Faida ya mtu mmoja ni kasi. Humlipi, hupangi foleni, huanzi habari tangu mwanzo kwa sababu anakujua. Kwa usiku mmoja mgumu hakuna kinachomzidi. Udhaifu wake ni kwamba naye ni binadamu. Rafiki yangu alianza kuchelewa kupokea simu zangu, na nilipotulia nikaona alikuwa na haki: nilikuwa nimempa kazi ya watu watano. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kusema mwanzoni ninachotaka. "Leo nisikilize tu, usinipe ushauri." Au: "Leo nataka uniambie ukweli hata kama utaniuma." Mtu akijua kazi yake anaifanya vizuri zaidi, na hachoki upesi.

Kikundi kina nguvu ya namna nyingine. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, sehemu zilizoumizwa sana na UKIMWI, vijiji 30 viliingizwa kwenye utafiti. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu wenye sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, walikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Kiongozi alikuwa mtu wa maeneo yaleyale aliyepewa mafunzo ya wiki mbili. Walizungumza juu ya kilichoianzisha huzuni ya kila mmoja, uwe msiba, ugomvi au badiliko la maisha, na wenzake wakamsaidia kutafuta la kufanya. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Nimezifikiria sana takwimu hizo. Ninavyoamini mimi, kikundi kinakupa kitu ambacho rafiki hawezi kukupa: nafasi ya kumfaa mwenzako wakati wewe mwenyewe hujapona. Mjane anapomwambia mjane mwenzake namna alivyolala usiku wa kwanza peke yake, anajisikia ana kitu cha kutoa, na mtu mwenye cha kutoa hajaisha.

Lakini kikundi kinataka wiki nyingi, kinataka kiongozi anayezuia umbeya, na kwa siri nzito hakifai hata kidogo. Wako watakaosema, mbona tuna VICOBA, mbona tuna chama? Naviheshimu. Mfuko wa jamii wa kikundi umewatibu na kuwazika watu wengi. Ila aliyechelewesha marejesho hawezi kulia mbele ya mweka hazina, na huyo ndiye mara nyingi mwenye mawazo kuliko wote. Kikundi cha fedha kibaki cha fedha. Ukiona humo watatu au wanne mnaoelewana, kutaneni siku nyingine, bila sanduku.

Kwa mzigo wa kupoteza, ningechagua kikundi kama kipo. Kwa jambo la aibu au la hatari, mtu mmoja.

## Benchi, au chumba cha mshauri?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopata msaada wa kweli.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alitaka kuanzisha huduma Mbare, kitongoji cha Harare, lakini hapakuwa na chumba cha kumpa wala wauguzi wa ziada. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii, na nafasi nje ya kliniki. Mwaka 2006 wakaanzia hapo, kwenye benchi la mbao. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili na watu wakalipita kwa mbali. Bibi wale ndio walioshauri jina libadilishwe, likawa Benchi la Urafiki, na watu wakaja kukaa.

Kwa Kishona hali yenyewe huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mswahili mwenye mawazo hahitaji mkalimani hapo. Wala bibi hawatumii maneno ya hospitalini. Hatua zao ni tatu: kufungua akili, kuinua, na kutia nguvu. Utafiti uliofanyika kwenye kliniki 24 za Harare kwa watu 573, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa asilimia 13.7, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu walikuwa asilimia 49.9. Mabenchi ya namna hiyo yamefika Malawi, na Zanzibar pia.

Kinachofanyika pale ni kitu unachoweza kukiiga hata kama hakuna benchi karibu nawe. Bibi hakuambii la kufanya. Anakusikiliza, anakuacha uyataje matatizo yako yote mpaka yaishe, halafu anakuuliza: kati ya haya, tuanze na lipi? Unachagua moja. Mnatafuta njia za kulikabili, unachagua moja, mnaikata iwe hatua ndogo yenye siku na saa. Unaondoka, unakwenda kuifanya, unarudi kusema ilikwendaje. Ikishindikana, mnatafuta nyingine.

Jirani yangu mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, alinifanyia hivyo bila kujua ana mbinu. Tulikaa kwenye kibaraza chake, akanipa karatasi. Niliandika matatizo kumi na moja. Nilidhani nitaanza na kazi, kwa kuwa ndiyo kubwa. Akaniuliza, "Lipi kati ya haya unaweza kuligusa kesho kabla ya saa sita mchana?" Nikatazama tena. Lilikuwa moja tu: kumfuata mwenye nyumba kabla yeye hajanifuata. Nilikuwa nimemkwepa wiki nzima, napita njia ya nyuma. Asubuhi yake nikaenda, nikamweleza hali yangu, nikamwomba nilipe miezi miwili miwili. Alinung'unika, lakini akakubali. Kazi sikuwa nayo bado na mama alikuwa bado wodini. Lakini usiku ule nililala saa saba mfululizo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kwa sababu lile tatizo lililokuwa limevaa sura ya matatizo yote lilikuwa limevuliwa.

Basi chumba cha mshauri nasaha kina nini ambacho benchi halina? Kina mlango unaofungwa, na mtu aliyesomea mambo ambayo wema peke yake hauyawezi. Aliyebakwa, anayepigwa nyumbani, aliyetoka vitani, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyezama kwenye pombe au dawa za kulevya: hawa wastahili chumba, na baadhi yao wastahili daktari na dawa. Gharama ndiyo shida. Mshauri binafsi mjini ni wa wenye nacho, na hospitali kubwa za afya ya akili, kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala, ziko mbali na wengi wetu. Uliza kwanza kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti yako. Watu wengi hawajui kama kuna kitengo cha afya ya akili mpaka waulize.

Kati ya benchi na chumba kuna njia ya katikati ambayo naiona ina mustakabali kwetu. Shirika la Afya Duniani limetunga utaratibu wa vikao vitano tu, unaoweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu aliyefunzwa na kusimamiwa. Unafundisha kupumua taratibu, kupanga na kutatua tatizo, kurudia shughuli ulizoziacha, na kuwatafuta tena watu wako. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki yao imepungua kuliko ya wale waliopata ushauri wa kawaida kliniki. Kwa hiyo ukisikia kituo cha afya au shirika la mtaani kwako linatoa vikao vya aina hiyo, usikidharau kikao kwa sababu anayekiendesha hana koti jeupe.

Ukimpata mshauri wa kulipia, muulize mapema amesomea wapi, anafikiri mtakutana mara ngapi, na siri zako zinakaa wapi. Anayekasirishwa na maswali hayo mwache.

## Ibada, na desturi zetu za msiba

Kwa mzigo wenye kazi ndani yake, ibada inakupa pumzi ya kusimama, kisha lazima ukaifanye kazi yenyewe. Kwa mzigo wa kupoteza hali ni tofauti kabisa, na hapa nasema kwa moyo wote: sijaona kilichotengenezwa na wataalamu kinachozidi matanga yaliyofanywa vizuri.

Angalia yanavyokwenda. Habari ikitoka, watu wanakuja bila kualikwa. Mfiwa halali peke yake. Hapiki, kwa sababu wanawake wa mtaa wameshika jiko, na turubai limeshafungwa nje kabla hajajua limetoka wapi. Watani wanakuja na vituko vyao, wanamkejeli marehemu, wanajilaza kaburini wakidai walipwe, na mfiwa anajikuta anacheka machozi yakiwa bado shavuni. Siku zinahesabiwa: kuna siku ya kuanua matanga, kuna hitima, kuna arobaini, na mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi ambayo hakuna anayemwuliza kwa nini hachangamki. Huzuni imepewa ratiba yake, nayo inalindwa.

Na hakuna anayemlazimisha mfiwa kusimulia. Hilo ni jambo kubwa. Kwa miaka mingi wataalamu wa nchi za Magharibi waliwakusanya watu mara tu baada ya ajali au shambulio wasimulie kila kitu katika kikao kimoja, wakiamini inawasafisha. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri isifanyike, kwa kuwa haikuonekana kuwasaidia. Linachokipendekeza badala yake ni kuangalia mtu anahitaji nini, kumsikiliza akitaka kusema, na kumuunganisha na watu na huduma. Bibi yangu angesema hiyo ndiyo kazi ya wanaokaa mkekani.

Pengo la desturi zetu liko baada ya arobaini. Siku ya arobaini na moja nyumba inakuwa kimya, turubai limerudi kwa mwenyewe, na mjane anabaki na vyombo alivyokopesha visivyorudi. Hapo ndipo jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, darsa za akina mama na vikundi vya kwaya vinapopaswa kufanya kazi yake, maana vinakutana kila wiki iwe kuna msiba au hakuna. Ukitaka kumfaa mfiwa, andika kwenye simu yako tarehe ya mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, umpitie.

Ibada inafanya kazi hata mwilini. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini au wakirudiarudia mantra, yaani maneno mafupi ya kutafakari yatumiwayo kwenye yoga. Katika zote mbili pumzi zilishuka zikafika takribani sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakatulia katika mdundo mmoja nazo. Anayevuta tasbihi taratibu baada ya swala ya isha ataitambua hali hiyo.

Nina onyo moja. Kiongozi wa dini akikuambia huzuni yako ni upungufu wa imani, au uache dawa za hospitali ili Mungu aonekane, au utoe fedha usiyo nayo ili ufunguliwe, ondoka, na ukasali mahali pengine. Wapo wengi wanaokusikiliza, wanaokuombea, na wakakushika mkono kukupeleka kliniki. Hao ndio wa kukaa nao.

## Miguu, au karatasi?

Mzigo uliohamia mwilini huanza kutolewa kwa mwili. Wataalamu wa afya wanapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Ukishuka mwendo wa robo saa kabla ya kituo chako, kwenda na kurudi, siku tano, umezifikia 150. Faida kubwa utaiona kwenye usingizi.

Dar es Salaam tumebahatika kuwa na vikundi vya jogging mitaani. Jumamosi au Jumapili alfajiri unawasikia kabla hujawaona: fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo, wanene na wembamba, vijana na wazee. Hapa miguu na kikundi vimekuwa kitu kimoja, na mtu asiye na mtu ana mahali pa kwenda bila kujieleza. Mwezi wa kwanza nilikimbia nyuma kabisa na mama mmoja muuza chapati. Hakuniuliza lolote. Wiki niliyokosa ndiyo aliyoniuliza: "Mbona hukuja?" Swali hilo lilinisaidia kuliko alivyojua.

Karatasi ni ya yule ambaye mambo yake hayasemeki. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alichapisha mwaka 1986 matokeo ya kuwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika kilichotokea pamoja na walivyokihisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo ukilia ukiandika hujakosea. Ila usiandike usiku wa kuamkia siku nzito, na usifanye daftari kuwa mahali pa kuzungusha jambo moja kila siku mwaka mzima. Siku nne, kisha funga. Ukitaka unaweza kulichoma. Na kama jambo lenyewe ni la jana tu, lisubirishe, uanze na miguu.

Kuhusu pombe ni maneno machache: inaleta usingizi wa saa mbili na kukuibia wa saa nne.

## Mimi ningechagua hivi

Aliyefukuzwa kazi au mwenye deni, aanze na benchi, hata benchi la kuigiza na mtu mzima mmoja mwenye busara, karatasi na kalamu. Mazoezi yamsindikize ili apate usingizi wa kufikiria vizuri. Kikundi cha kulia hakimfai bado.

Mfiwa akae na watu wake, afuate desturi zake hadi mwisho, asikubali kuharakishwa. Baada ya arobaini atafute kikundi kinachokutana kila wiki, chochote, hata kwaya. Ikifika miezi mingi na bado hawezi kuamka, kuoga, kupika, huo tena si msiba wa kawaida, na chumba cha mshauri kinamhusu.

Kijana aliyehamia mjini peke yake, asiye na wa kumwambia, aende kwenye jogging kabla ya yote. Asitafute rafiki, atafute mahali ambapo akikosekana ataulizwa. Rafiki atatokea humo.

Mama mwenye watoto wadogo na biashara ya genge hana dakika 90 za kikao wala alfajiri ya kukimbia. Huyu namwambia apunguze kwanza, asiongeze. Amwombe dada au jirani saa mbili kwa wiki za kushika watoto, na saa hizo alale. Usingizi ukirudi ndipo achague njia.

Njia yoyote uliyochagua, ipe wiki nne. Kipimo changu ni kitu kimoja tu: je, kuna jambo ulilokuwa umeliacha ambalo umelirudia? Umefua, umepokea simu ya dada yako, umefungua ule ujumbe wa benki. Kama lipo, endelea hata kama huzuni bado iko. Kama halipo, badilisha.

Haya yote ni kwa mtu ambaye bado anaweza kuchagua. Anayesema amechoka kuishi, anayegawa vitu vyake, anayeaga watu bila safari, huyo usimlinganishie njia. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili wengi wameficha kwa hofu ya sheria na aibu. Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Ondoa dawa za panya na za shambani ndani ya nyumba. Kenya piga 1199 ya Msalaba Mwekundu; kwa mtoto, Tanzania, Kenya na Uganda, piga 116. Usimwelekeze hospitali ukaishia mlangoni. Chukueni bodaboda moja au daladala moja, mwende wote, ukae naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe, na ukimwona anatazama mlango wa kutokea, mshike mkono mwendelee kungoja.